Iache Ilivyo: Kumuuzia Saa ya Uswisi Mnunuzi Anayejua

Wazee wangu, kaka zangu na dada zangu, asanteni kwa kufika, na asanteni kwa kunipa jukwaa hili.

Mada niliyopewa ni kuuza saa ya kifahari ya Uswisi. Naomba niibane kidogo. Kumuuzia mtu anayetaka tu jina kubwa lionekane mkononi hakuhitaji hotuba. Atatazama nembo, ataivaa, atajiangalia kwenye kioo, mtaongea bei. Nataka kumzungumzia mnunuzi wa aina nyingine: yule anayeipokea saa kwa mikono miwili, akaigeuza mgongo kabla hata hajatazama inaonyesha saa ngapi, akatoa lenzi mfukoni, kisha akanyamaza. Ukimya ule huwatisha sana wauzaji. Wengine huanza kusema lolote ili kuujaza, na mara nyingi wanachosema ndicho kinachowaharibia.

Nimefanya kazi upande wa mnunuzi huyo kwa miaka mingi, nikinunua kwa ajili ya wakusanyaji wa saa. Kwa hiyo nitakayosema leo ni mambo ninayotamani kila muuzaji ayajue kabla hajaketi mbele ya mtu kama mimi. Na lililo kubwa kuliko yote nalitanguliza: iache saa ilivyo. Fedha nyingi ambazo wauzaji wanazikosa mezani huwa wamezipoteza kabla hawajafika, siku walipoipeleka saa ikang'arishwe ili impendeze mnunuzi.

Niwaeleze polishi inafanya nini. Kasha la saa linapotoka kiwandani lina kingo. Yale masikio manne yanayoshika mkanda yana makali, na kwenye saa nyingi nzuri ukingo wake wa nje umechongwa mshazari, ukaacha ufito mwembamba unaometa kutoka juu hadi chini. Uso wa juu wa sikio umesuguliwa kwa vistari vidogo vinavyoelekea upande mmoja, na ubavu wake unang'aa kabisa. Nyuso hizo mbili zinapokutana pana mpaka ulionyooka. Gurudumu la kung'arishia haliujui mpaka huo. Linaondoa mikwaruzo kwa kuondoa chuma chenyewe, na chuma kikishaondoka hakirudi. Baada ya polishi mbili tatu za fundi asiye makini, masikio yanakuwa ya mviringo, ufito ule unapotea, na kwenye saa zenye matundu ya pini yaliyotokeza nje utaona tundu limekaribia ukingo, kwa sababu ukingo ndio uliolifuata tundu. Mimi naanza kutazama hapo. Sekunde chache zinatosha.

Chukueni Royal Oak ya Audemars Piguet, iliyochorwa na mbunifu wa saa Gérald Genta na kutolewa mwaka 1972. Ilikuwa saa ya chuma cha pua, lakini bei yake ilizidi ya saa nyingi za dhahabu za wakati ule, na watu walishangaa. Waliokuwa wakijua walielewa kwamba fedha imekwenda kwenye umaliziaji: ile pete ya pembe nane na skrubu zake nane, vipingili vya mkanda vinavyopungua upana hatua kwa hatua, nyuso zilizosuguliwa zikipakana na kingo zinazong'aa. Ukiipiga saa hiyo polishi ovyo umefuta kitu kilekile kilichokuwa kikiuzwa. Nautilus ya Patek Philippe, ambayo Genta aliichora na ikatoka mwaka 1976, iko hivyohivyo. Wapo mafundi hodari wanaoweza kujaza chuma kwa leza na kuchonga kingo upya, na kazi yao ni ya kuheshimiwa. Lakini kasha lililojengwa upya litaelezwa hivyo, na bei itayafuata maelezo.

Mikwaruzo mnayoionea aibu haitusumbui. Mkwaruzo unaniambia chuma bado kipo.

Sasa tuje kwenye uso wa saa, mahali ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Kwa saa ya zamani, sehemu kubwa ya thamani iko pale, kwenye kisahani chembamba cha madini kilichopakwa rangi. Na kitu cha kwanza ninachokichunguza ni ile rangi ya kung'aa gizani iliyowekwa kwenye namba na kwenye mishale.

Rangi hizo zina historia yake, na historia hiyo ndiyo inayotupa ushahidi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanda vilitumia radiamu. Kisha ikaja tritiamu, ambayo mionzi yake ni dhaifu zaidi, ikatumika hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Baada yake ikaja Super-LumiNova, ambayo haina mionzi kabisa. Inanyonya mwanga na kuurudisha. Kila moja inazeeka kwa namna yake. Radiamu yenyewe hudumu sana, huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu, lakini ile kemikali iliyokuwa ikiwashwa nayo imeshachoka zamani, kwa hiyo saa haing'ai tena ingawa kipima mionzi bado kinalia. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kitu, na mara nyingi hugeuka rangi taratibu kutoka nyeupe kwenda krimu, hata kufikia rangi ya asali.

Hapo ndipo ninapozima taa na kutoa tochi ya mionzi ya urujuanimno. Naimulika saa, nazima, natazama. Rangi ya tritiamu ya miaka ya 1970 itaitikia kidogo na kufa karibu papo hapo. Super-LumiNova itaendelea kuwaka. Sasa, kama namba zimezimika lakini mishale inaendelea kung'aa, basi mishale si ya saa hii, au imepakwa upya. Kama vyote vinawaka vizuri kwenye saa inayosemekana ni ya mwaka 1968, uso mzima umebadilishwa au umeguswa. Halafu naangalia chini kabisa, kwenye namba 6, yalipo maandishi madogo. Saa ya enzi ya tritiamu mara nyingi imeandikwa T SWISS T au SWISS T<25, yaani kiwango cha tritiamu hakizidi kikomo kilichowekwa. Nikikuta maneno hayo kwenye uso ambao rangi yake inawaka kama ya juzi, pana jambo, na nitauliza.

Nitoke nje ya mada kidogo kwa sababu ya afya zenu. Kama una saa ya zamani unayodhani ina radiamu, usiifungue mwenyewe, na usiukwangue uso wake kwa kitu chochote. Vumbi lake likivutwa ni hatari. Mwachie fundi mwenye vifaa.

Turudi. Kuna nyuso zilizopakwa upya, na wauzaji wengi hawajui kwamba wanazo, kwa sababu saa ilipakwa na mtu aliyeimiliki kabla yao, kwa nia njema kabisa. Chini ya lenzi herufi zimevimba, nafasi kati yake hazilingani, vistari vya dakika vimepishana na viashiria vya saa, au jina la kampuni limechapwa bapa wakati kiwandani liliinuka kidogo kwa wino. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye biashara hii uso wenye madoa ya umri, ukiwa orijino, hujiuza. Uso uliorembwa upya hutembezwa meza hadi meza.

Na si kila kinachoonekana kuwa kasoro ni kasoro. Daytona ya Rolex namba 16520 ilitengenezwa kati ya mwaka 1988 na 2000, ikitumia mashine ya ndani iliyotokana na El Primero, mashine ya kampuni ya Zenith, ambayo Rolex waliirekebisha na kuipunguzia kasi kutoka mapigo 36,000 kwa saa hadi 28,800. Kwenye baadhi ya saa hizo za miaka ya katikati ya 1990, varnishi ya uso haikustahimili, na pete za zile saa ndogo tatu zilizo ndani ya uso zimegeuka kahawia. Mtu asiyejua akiipeleka saa hiyo kwa sevisi, anaweza kurudishiwa ikiwa na uso mpya safi, akafurahi. Amepoteza fedha nyingi mchana kweupe. Wakusanyaji wanazitafuta zile pete za kahawia.

Hiyo inanileta kwenye sevisi. Wauzaji huniambia kwa fahari: nimeifanyia sevisi kamili mwezi uliopita. Natamani wangenipigia simu kwanza. Ukiipeleka saa ya zamani kwenye kampuni iliyoitengeneza, lengo lao ni kukurudishia saa inayofanya kazi kama mpya, isiyoingiza maji, yenye mishale inayong'aa. Kwa mtu anayetaka kuivaa tu, hilo ni jambo jema kabisa. Lakini ili wafike hapo wanaweza kubadilisha mishale, uso, pete ya juu, kile kifundo cha kujazia, na vilivyotolewa visirudi kwako. Kama ni lazima uipeleke, andika kwenye fomu, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba kasha lisipigwe polishi, uso na mishale visibadilishwe, na kila kipande kitakachotolewa urudishiwe. Wakikataa masharti hayo, chukua saa yako urudi nayo nyumbani.

Wengine wanaogopa kwamba saa isiyofanyiwa sevisi itakataliwa. Haikataliwi. Nina mashine ndogo ya kupima mwendo, ina maikrofoni inayosikiliza mapigo. Inaniambia saa inakimbia au inachelewa sekunde ngapi kwa siku, na gurudumu la mizani linabembea kwa upana wa nyuzi ngapi. Saa nzima yenye afya, ikiwa imejazwa na imelazwa, mara nyingi huonyesha kati ya nyuzi 270 na 310. Nikiona 190 najua mafuta yamekauka au springi kuu imechoka. Nitakadiria gharama ya sevisi na kuitoa kwenye bei niliyokuwa nayo kichwani, basi. Mafuta yaliyokauka ni kitu kinachorekebishika. Uso uliotupwa haurekebishiki.

Kuna pia wanaonisukumia cheti cha kronomita, yaani cha saa iliyopimwa ikathibitishwa kuwa na mwendo sahihi, kana kwamba kimemaliza mjadala. Ni karatasi nzuri kuwa nayo. COSC, taasisi ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1973, huipima mashine kwa siku 15, katika mikao mitano na halijoto tatu, na wastani wa mwendo wake haupaswi kutoka nje ya sekunde 4 za kuchelewa na 6 za kuwahi kwa siku. Lakini kipimo hicho kilifanywa mashine ikiwa mpya. Cheti cha mwaka 1985 kinanieleza saa ilivyokuwa mwaka 1985.

Niwape kisa kimoja cha mezani kwangu, kwa sababu kinaeleza vizuri kuliko nadharia. Alinijia mama mmoja mtu mzima na saa ya marehemu mumewe, saa ya wapiga mbizi ya miaka ya 1960. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sijui lolote kuhusu saa, ila mzee alikuwa hatupi kitu." Nikaimulika. Mishale iliwaka, uso haukuwaka. Nikamweleza kwa upole kwamba mishale hii ni ya baadaye na kwamba itapunguza bei. Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na risiti ya kununulia, risiti za sevisi, na kifuko kidogo cha nailoni kilichobanwa kwa stepla. Mle ndani palikuwa na mishale mitatu, rangi yake imegeuka krimu ileile ya kwenye uso, mmoja ukiwa na kutu kidogo kwenye ncha. Mzee alikuwa amemwambia fundi ampe vya zamani. Nikaiweka ile mishale kando ya uso chini ya lenzi, rangi na rangi, na nikarudia hesabu yangu mbele yake. Bei ikapanda kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe alidhani nimekosea kuandika. Kifuko kile hakikuwa na uzito wa kuhisika mkononi.

Lakini nisiwaache mkidhani kwamba kukusanya vipande vya orijino kunatosha. Kuna saa zilizotengenezwa kwa kuunganisha vipande halali kutoka saa mbalimbali, na hizi ndizo zinazotunyima usingizi. Mwezi Novemba 2021, Speedmaster ya Omega namba 2915-1, toleo la kwanza la mwaka 1957, yenye uso uliogeuka kahawia, iliuzwa kwenye mnada Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 3.1. Dunia nzima ya saa ilisimama kuitazama. Aliyenunua alikuwa Omega mwenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 Omega ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vilivyotoka saa tofauti, na kwamba watu waliowahi kuwa wafanyakazi wake walihusika.

Tangu hapo wanunuzi makini tumebadilika. Haitoshi tena kwamba kila kipande ni cha kampuni na ni cha enzi ileile. Tunauliza kama vipande hivi viliishi pamoja. Kutu kwenye mishale inafanana na unyevu uliogusa uso? Kivuli cha mshale kimebaki mahali mshale ulipolala miaka mingi? Uchakavu wa ndani ya mfuniko unalingana na uchakavu wa nje? Muuzaji anayeweza kunijibu maswali haya kwa picha za zamani na risiti amenifanyia nusu ya kazi, na ninalipia nusu hiyo.

Ndiyo maana karatasi zina bei. Boksi nalipitia haraka. Mabox yanauzwa peke yake na yanaweza kuokotezwa popote. Kadi ya waranti au cheti chenye namba ya saa ileile ni kitu kingine kabisa. Nitailinganisha namba hiyo na ya kwenye kasha. Kwenye saa nyingi za Rolex za zamani namba ya mfululizo imechongwa katikati ya masikio, upande wa namba 6 ya uso, na namba ya modeli upande wa namba 12, kwa hiyo mkanda lazima utoke. Usishtuke nikiomba kuutoa, na ukiona mnunuzi anayejiita mjuzi haombi, jiulize ni mjuzi wa nini. Kama karatasi zimepotea, baadhi ya kampuni zinaweza kusaidia. Patek Philippe, waliopo tangu mwaka 1839, hutoa dondoo kutoka kumbukumbu zao kwa saa za zamani, ikionyesha namba, ilitengenezwa lini na iliuzwa lini. Ukiwa na Patek isiyo na karatasi, omba dondoo hiyo kabla ya kuonana na mnunuzi.

Namba hiyohiyo itapelekwa pia kwenye orodha za saa zilizoibwa. The Watch Register, ambayo ni tawi la Art Loss Register la London, inafanya kazi hiyo, na mnunuzi wa maana hatoi fedha kabla hajapata jibu. Msione ni dharau. Nami nawaomba msiiweke namba nzima kwenye picha za tangazo, kwa sababu watengenezaji wa feki wanazivuna na kuzichonga kwenye makasha yao. Mpe mnunuzi mmoja mmoja, akishajitambulisha.

Kuhusu historia ya mmiliki, mfano mkubwa kuliko yote ni Daytona ya mwigizaji Paul Newman. Mkewe, Joanne Woodward, aliinunua na kuchongesha nyuma yake maneno machache ya kumwambia aendeshe gari kwa uangalifu. Mwaka 1984 Newman alimpa kijana aliyekuwa mpenzi wa binti yake. Tarehe 26 Oktoba 2017 iliuzwa kwenye mnada New York kwa dola 17,752,500. Nyuso za aina ile zilidoda madukani zilipokuwa mpya, watu hawakuzipenda. Kilichofikisha bei pale ni kwamba kila kiungo cha mnyororo kilikuwa na ushahidi: mchongo nyuma ya kasha, picha za Newman akiwa ameivaa, na binti yake mwenyewe kusimama na kuthibitisha. Sasa watu wengi huja na hadithi kama hiyo bila mnyororo. Saa hii ilivaliwa na rubani maarufu, saa hii ilikuwa ya balozi. Kama huna barua, picha wala mchongo, hadithi hiyo isimulie kama kumbukumbu ya familia na usiiwekee bei. Ukiiwekea bei, nitaanza kutilia shaka hata yale mengine ambayo ni kweli.

Basi muuzaji aje vipi? Aje na ukurasa mmoja. Namba ya modeli, mwaka unaokadiriwa, aliipata kwa nani na lini, sevisi zilizofanyika, kilichobadilishwa, na asichokijua. Hicho cha mwisho kina thamani kubwa. Mtu akiniambia, "Kifundo hiki sijui kama ni cha mwanzo, niliipata hivi," namwamini kwenye mambo mengine kumi. Picha apige mchana karibu na dirisha, bila vichujio vya simu: mbele, nyuma, masikio yote manne kutoka pembeni, kifungio cha mkanda kikiwa wazi. Mfuniko wa nyuma ufunguliwe na fundi, apige picha ya mashine. Mfuniko uliofunguliwa kwa kisu nautambua kwa michubuko kabla sijauliza.

Na kasoro aziseme yeye mwanzo. Kioo kilichobadilishwa, kipingili kilichopotea, mkanda uliolegea. Mjuzi ataziona zote. Tofauti iko kwenye nani alitangulia kuzitaja. Nikizigundua mwenyewe baada ya kuambiwa saa haina tatizo, sitakata tu gharama ya kasoro ile. Nitakata na hofu ya zile ambazo sijaziona. Hofu hiyo ni ghali kuliko kioo chochote.

Sasa bei, na hapa nitasema wazi kwa sababu nahisi watu wengi wanaumizwa na kutoelewa. Bei zinazoombwa kwenye matangazo ni matumaini ya wauzaji wenzako. Tafuta bei zilizolipwa kweli. Minada mikubwa huchapisha matokeo, lakini zingatia kwamba bei inayochapishwa mara nyingi imejumuisha ada ya mnunuzi, na muuzaji naye hukatwa kamisheni yake, hivyo kinachomfikia ni pungufu kabisa. Linganisha saa yako na iliyo katika hali yake, isiwe ile iliyokaa sandukuni bila kuvaliwa. Na tazama tarehe. Bei za saa zilizotumika zilipanda kwa kasi hadi mwanzoni mwa mwaka 2022, hasa Daytona, Nautilus na Royal Oak za chuma cha pua, kisha zikashuka. Mtu anayeniletea matokeo ya Februari 2022 kama kipimo cha leo ananiletea hali ya hewa ya mwaka mwingine.

Pia jua unaongea na nani. Mfanyabiashara atakupa chini ya bei ya rejareja kwa sababu atafanya sevisi, atatoa waranti, atafunga fedha yake kwenye saa ambayo huenda ikakaa miezi. Hiyo si dhuluma, ni kazi yake, na kwa malipo yake unapata fedha leo. Mkusanyaji anaweza kukulipa zaidi, lakini atauliza maswali kwa wiki nzima, na anaweza kughairi kwa sababu ya mshale mmoja. Mnada unafaa kwa saa adimu kweli, yenye watu wawili wanaoitaka; kwa saa ya kawaida ya kifahari, gharama na kusubiri vitakula faida. Mimi nikiulizwa na rafiki, humwambia saa yenye karatasi zote na hali nzuri ajaribu mkusanyaji kwanza, na saa yenye maswali aende kwa mfanyabiashara, kwa sababu mfanyabiashara amezoea kununua maswali.

Ukitaja bei, itaje mara moja na uieleze. "Nimeangalia mauzo matatu ya modeli hii, haya hapa, yangu kasha lake halijaguswa lakini imekosa karatasi, kwa hiyo nimeweka hapa." Bei iliyoelezwa hivyo naijibu kwa hoja, na mara nyingi tunakutana karibu. Ukiniambia kuna mtu mwingine anakuja saa tisa na fedha mkononi, nitakutakia heri na kumwachia. Wajuzi hawaharakishwi, wengi wetu tuliingia kwenye kazi hii kwa sababu tunapenda kutazama kitu polepole.

Mwisho ni makabidhiano, na hapa msilegeze kwa sababu tu mnunuzi ni mtu wa heshima. Kutaneni benki au ofisini kwake, mahali penye watu na kamera. Picha ya skrini ya muamala si malipo. Fedha ithibitishwe na benki yako mwenyewe kuwa imeingia na haiwezi kurudishwa, ndipo saa ivuke meza. Andikeni hati ya mauzo yenye namba ya modeli, namba ya mfululizo, kila kitu kilichoambatana na saa, na kasoro zote ulizozitaja, mwisho mtie saini wote wawili na kila mmoja abaki na nakala. Orodha ya kasoro ndani ya hati hiyo inakulinda wewe kuliko inavyomlinda yeye, kwa sababu hawezi kurudi baada ya miezi sita akidai hakuambiwa. Na kama una vipingili vya ziada vya mkanda kwenye droo, vitafuteni kabla ya siku hiyo, maana ataviulizia.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali.